Vidonge Ndani ya Buti

Hapo zamani, na wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, simu zilipokwisha kujifunza kusema shikamoo, palikuwa na mzee mmoja huko milimani Tukuyu, mahali ambapo mvua ikikatika watu huulizana kuna nini. Jina lake Andongwisye. Alikuwa na migomba, ng'ombe mmoja, mwana mmoja, na moyo mbovu.

Moyo wake ulidunda ovyo, mara mbio, mara kwa kusuasua. Daktari alimweleza hivi: moyo ukidunda ovyo, damu hutuama ndani yake, damu ikituama hufanya donge, donge likipanda kichwani, mtu hupooza au hufa. Basi akaandikiwa vidonge. Vya kuzuia damu isigande. Vya kutuliza mapigo. Na vya kukojoza maji, maana miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu vikamkataa. Vyote asubuhi, kila siku, hadi kufa kwake.

Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Mwanawe Ambokile alifanya kazi mgodini, mbali kule kaskazini. Aliyebaki nyumbani kumtunza mzee ni mke wa Ambokile, na jina lake Tusekile. Hadithi hii ni yake. Mshikeni vizuri, msije mkampoteza katikati ya maneno ya wakubwa.

Sasa ninyi wa mjini tegeni masikio, maana fundo lilifungwa hapa. Kwa mila ya ukoo ule, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mkamwana hutoka njiani, huchutama kando na kugeuza uso. Chakula humwekea mlangoni, hukohoa kidogo, huondoka. Jina la mkwewe halitamki. Na mzee naye akiwa na neno kwa mkamwana, hamwambii yeye. Humwambia ng'ombe.

"Wewe ng'ombe," Mzee Andongwisye alikuwa akisema kwa sauti, akiwa zizini, "hivi zile ndizi za jana alizipika nani? Mwambie mkono wake ubarikiwe."

Tusekile jikoni huziba mdomo kwa kanga asicheke. Baba yake wa kumzaa hakuwahi kumwambia mkono wake ubarikiwe. Na mwaka ule mimba yake ilipoharibika, watu wengine walinong'ona, wengine wakahesabu miaka ya ndoa, lakini mzee yule alikwenda akasimama zizini mvua ikimnyeshea. "Ng'ombe," alisema, "mwambie mwenye jiko kwamba hata mgomba huangushwa na upepo, na shina likabaki." Tusekile alilia siku ile mpaka akapona. Alimpenda mzee yule, nasema waziwazi, alimpenda kuliko wengi wetu tunavyowapenda baba zetu tunaowatazama usoni.

Ndipo kliniki ya moyo ilipoleta programu ya simu. Mzee alikuwa na kisimu cha tochi, hakikufaa. Muuguzi akaiweka katika simu ya kupangusa ya Tusekile. Kila asubuhi simu inalia, na sauti ya mwanamke inasema: "Shikamoo. Wakati wa dawa umefika. Je, umemeza?" Ukibonyeza ndiyo, siku ile inageuka kijani. Ukibonyeza hapana, au ukinyamaza, inageuka nyekundu. Na rangi hiyo huioni peke yako. Kliniki wanaiona. Ambokile naye kule mgodini anaiona. Mwenye sauti ile nyumbani walimpa jina, wakamwita Dada wa Simu, na walimfurahia, maana hata mashine ikikuamkia unajisikia mtu mkubwa.

Asubuhi ya kwanza Tusekile akaweka vidonge kwenye kisahani, na maji kwenye kikombe, akaviweka mlangoni kwa mzee, akakohoa.

"Ndaga," ilisema sauti ya ndani. Yaani ahsante.

Dada wa Simu akauliza: "Je, umemeza?"

Tusekile akasimama na simu mkononi. Hakujua. Alisikia ndaga, hakusikia kumeza. Na yeye alikuwa mkweli, basi akanyamaza, na siku ikageuka nyekundu. Haukupita muda Ambokile akapiga.

"Baba hajameza?"

"Sijui."

"Hujui vipi, na wewe ndiye uliye hapo?"

"Nimemwekea mlangoni, akasema ndaga."

"Sasa kama amesema ndaga, si amemeza? Mtu anashukuru dawa halafu anaitupa? Bonyeza ndiyo, mke wangu. Mimi huku nashika mashine kubwa, nikiona wekundu mikono inanitetemeka."

Hata hivyo Tusekile hakuridhika. Alivuka kijito akaenda kwa Shangazi Subilaga, dada mkubwa wa mzee. Huyu ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika ukoo, mama mrefu, mkavu, asiyecheka bila sababu na mara nyingi asiione sababu.

"Shangazi," alisema Tusekile, amepiga magoti, "naomba ruhusa. Nimwulize baba kama amemeza dawa. Niingie, nitazame, nitoke."

"Utazame nini?"

"Kinywa chake, shangazi."

Shangazi Subilaga akaweka chini ungo wa maharage. "Mkamwana afungue kinywa cha mkwewe kama anatazama meno ya mbuzi! Mama yangu angefufuka. Ndugu yangu ni mgonjwa, mwanangu, hajawa mtoto. Rudi nyumbani. Peleka dawa, kohoa, ondoka. Heshima haijaua mtu."

Tusekile akarudi. Toka siku ile, mzee akisema ndaga, yeye anabonyeza ndiyo.

Kumbe mzee hakuwa anameza. Siku za mwanzo alimeza, akaona balaa lake. Vile vya kukojoza vilimkimbiza chooni asubuhi nzima, na njia ya kwenda chooni ilipita mbele ya jiko, mbele ya mkamwana. Mzee wa heshima zake, ameshika suruali, anapita mbio mbele ya mke wa mwanawe! Na hakujua kidonge kipi ndicho mchokozi, maana vyote ni vidogo na vyote vyeupe. Alimwambia ng'ombe, na Tusekile alisikia: "Ng'ombe, kuna dawa zinamfanya mtu mzima akimbie uwanjani kama ndama. Ni aibu, ng'ombe."

Tusekile akaelewa nusu. Akasema moyoni, baba anaona haya mimi nikiwa jikoni, basi nitampisha. Kuanzia hapo kila asubuhi akishaweka dawa na kubonyeza, huchukua jembe akaenda shambani, amwachie mzee uwanja wake. Aliondoka kwa upendo. Na kwa kuwa aliondoka, hakuona chochote. Mzee naye hakuweza kujua saa gani mkamwana atarudi, na mvua ya kule humrudisha mtu nyumbani wakati wowote. Akaona heri kuwa na yakini. Akaviacha vyote.

Asubuhi kijani. Kesho kijani. Mwezi kijani, mpaka simu ikapendeza kama shamba la chai.

Siku ya kliniki walikwenda wote wawili, ila Tusekile alibaki nje kwenye ukumbi, maana haketi benchi moja na mkwewe. Ndani alikuwepo Daktari Kihwele, kijana mwenye bidii, asiyemkemea mgonjwa. Alipima damu ya mzee, akatazama rangi kwenye kompyuta yake, akatabasamu.

"Mzee, kwa kumeza dawa wewe ni wa kwanza. Wagonjwa wangu wote wangekuwa kama wewe! Ila damu yako bado nzito. Kipimo hiki hakikutoshi. Nitakuongezea."

Mzee kasifiwa mbele ya wauguzi. Angesema nini? Alisema ndaga.

Akaongezewa. Kliniki iliyofuata damu ilikuwa bado nzito, na rangi bado kijani. Daktari akaongeza tena. Kidonge cha kuzuia damu isigande kikawa viwili, viwili vikawa vitatu, na mzee akavipokea vyote kwa adabu akaenda navyo nyumbani.

Ndipo Ambokile alipopata likizo. Alifika na furaha, na kesho yake akataka kwenda migombani. Kulikuwa na tope, akavuta mabuti ya mpira ya baba yake yaliyokuwa uvunguni, yale yaliyokataliwa na miguu iliyovimba. Akatia mguu. Vidole vikakanyaga changarawe. Akalipindua buti, vikamwagika vidonge, vyeupe, vingi, vingine vimekwisha kuota ukungu.

Sitawaambia kelele zilizopigwa. Jueni tu kwamba Tusekile alisimama nyuma ya ukuta wa jiko, akasikia yote. Kila kidonge kilichodondoka sakafuni yeye alikuwa amekibonyezea ndiyo.

Lakini Ambokile hakuwa mtu wa kelele tu. Alimwuliza baba yake kwa upole, na mzee, kwa mwanawe wa kumzaa, alisema yote: choo, njia, jiko, aibu. Ambokile akashika kichwa. Akatoka na sururu, akachimba choo kipya nyuma ya chumba cha baba yake, kwenye migomba, akakizungushia majani makavu ya migomba na mlango wa bati. Mzee sasa angeweza kwenda na kurudi bila kuonwa hata na kuku. Hebu fikirini. Kwa muda wote ule dawa ya ugonjwa ule ilikuwa shimo, na hapakuwa na rangi ya shimo katika simu ile.

"Sasa utameza, baba?"

"Nitameza, mwanangu. Kwa nini nisimeze?"

Tusekile alimwambia mumewe, "Twende kliniki tukawaambie. Nimewadanganya, Ambokile. Wajue."

"Tukawaambie nini? Kwamba nyumba yetu ni ya waongo? Wakutukane mbele ya watu, na baba adharauliwe kwa umri ule? Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Dawa imeandikwa, mgonjwa yupo, mimi nipo. Atameza kama ilivyoandikwa."

Na kweli alimeza. Ambokile aliketi mbele yake kila asubuhi. "Fungua kinywa, baba. Inua ulimi. Vizuri." Vile vya damu vitatu, kama ilivyoandikwa. Tusekile akabonyeza ndiyo, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi kidole chake hakikuwa kizito. Miguu ya mzee ilianza kunywea. Alimwambia ng'ombe kwamba choo kipya ni kizuri kuliko nyumba ya chifu, na jikoni watu wawili walicheka.

Kisha Tusekile, akiosha kikombe cha mzee, akaona damu kwenye ukingo. Akamwonyesha mumewe.

"Fizi hizo," alisema Ambokile. "Anapiga mswaki kwa nguvu."

Kesho yake mzee alikuwa na baka jeusi mkononi, kubwa, na hakuwa amejigonga popote. Dada wa Simu alilia kama kawaida yake. Hakuuliza kama kuna damu. Hakuuliza kama kuna baka. Aliuliza, "Je, umemeza?" Na jibu lilikuwa ndiyo, ndiyo ya kweli safari hii.

Asubuhi iliyofuata mzee alisema kichwa kinamwuma, akaketi kizingitini, akainama. Hakuinuka. Walimkimbiza hospitali, na huko wakaambiwa damu imemwagikia kichwani. Kabla ya jua kuzama Mzee Andongwisye alikuwa amekwisha kurudi kwa Muumba wake.

Wakamzika alfajiri, mvua ikinyesha. Watu wa ukoo wakabaki uwanjani chini ya turubai, kwa sababu katika ukoo ule msiba hauvunjwi mpaka lisemwe jina la kifo. Nani amekibeba? Akitajwa Mungu, basi Mungu, watu wananawa mikono na kutawanyika. Akitajwa mtu, mtu huyo anafunga mzigo wake na kuuacha mji ule, na moto wake wa jikoni unazimwa. Jina ni moja. Hawagawani kifo kama nyama.

Shangazi Subilaga alikuwa anataka kutamka kwamba ni Mungu. Alikuwa amekwisha kusimama. Ndipo kutoka kwenye upindo wa kanga ya Tusekile sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo. Wakati wa dawa umefika. Je, umemeza?"

Tusekile akapapasa, akaizima. Hakubonyeza. Siku ikageuka nyekundu. Na kwa kuwa iligeuka nyekundu, kliniki wakapiga. Shangazi akanyoosha mkono, akasema iwekwe kwa sauti kubwa.

"Halo, Daktari Kihwele hapa. Naona leo mgonjwa wetu mwekundu. Vipi, amesahau?"

"Hajasahau," alisema Shangazi. "Tumemzika."

Daktari akatoa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akauliza alikufaje, wakamwambia. Akauliza kama kuna lolote lililobadilika nyumbani siku za karibuni. Ambokile, kwa kujivuna kidogo, maskini, akaeleza habari za buti, choo, na jinsi alivyommezesha baba yake.

"Mungu wangu," ilisema simu. "Hakuwa anameza? Mimi nilimwongezea kwa sababu niliona anameza na damu haibadiliki. Nilikuwa naongeza dawa ambayo haikuingia mwilini. Siku aliyoanza kumeza, alimeza zote nilizoongeza kwa mkupuo. Damu ilikuwa nyepesi kama maji."

Hapo macho yote yakamgeukia Tusekile. Lakini Shangazi akasema, "Kila mtu aseme. Anza wewe, daktari. Ulimwuliza kwa mdomo kama anameza?"

"Mama, wagonjwa ni wengi, na simu ilikuwa imekwisha kunijibu. Damu ni nzito, rangi ni kijani, daktari yeyote angeongeza. Ningemwita mzee wa watu mwongo? Niambieni nilikosea wapi."

Akasimama Ambokile, analia bila kujificha. "Mimi niliona uongo, nikauondoa. Niliona aibu, nikaichimbia shimo. Nilimpa baba yangu dawa kama ilivyoandikwa na msomi, kwa mikono yangu. Mwana gani angefanya zaidi? Niambieni nilikosea wapi."

"Na kliniki hukwenda kusema," alisema mzee mmoja wa ukoo.

"Sikutaka baba yangu aaibishwe."

Akasimama Tusekile. Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia machozi yote siku ya buti. "Mimi nilibonyeza. Sikuona, nikasema amemeza. Lakini siku niliyonyamaza, mume wangu aliniambia bonyeza. Siku niliyotaka kutazama..." Hapo akasita, maana maneno yaliyobaki yalikuwa mazito. Akayasema. "Siku niliyotaka kutazama, nilivuka kijito nikakuomba ruhusa, shangazi. Ulinikatalia. Na siku niliyotaka kukiri, mume wangu alinikatalia. Niambieni nilikosea wapi."

Mkamwana kumnyooshea kidole Shangazi Subilaga, mbele ya watu, msibani!

Shangazi akatazama mikono yake. Kisha akasema polepole, "Kweli alikuja. Kweli nilimkatalia. Ndugu yangu hakuwa na kitu kingine kilichobaki. Moyo ulikuwa mbovu, miguu imevimba, mke kafa. Alibakiwa na heshima. Ningeruhusu mkamwana amtazame kinywani, angekufa siku ile ile, na kifo kile kisingekuwa na kaburi. Nimeilinda mila niliyokabidhiwa. Niambieni nilikosea wapi."

Mtu mmoja nyuma kabisa akanong'ona, "Na marehemu mwenyewe? Si ndiye aliyevificha?" Wakamzomea. Marehemu hasemwi. Ndiyo raha ya kuwa marehemu.

Najua yuko kati yenu atakayesema kosa ni la simu. Keti chini. Simu haina mji wa kufukuzwa. Yuko atakayesema wagawane wote. Wewe nawe keti, nimekwisha kusema jina ni moja. Na yuko atakayesema Mungu. Lakini uwanja mzima umekwisha kusikia, nani atathubutu kumsingizia Mungu sasa?

Basi Shangazi na wazee wakaingia ndani kushauriana, wakafunga mlango. Ambokile wakamwita, akaingia nao, kwa sababu ni mwana wa mji. Daktari alikwisha kukata simu, wagonjwa wengine wanamngoja. Tusekile hakuitwa. Mkamwana haitwi.

Aliingia jikoni, akatandika kanga, akaweka nguo zake, sufuria aliyokuja nayo, na kikombe kile cha mzee. Akafunga. Hakuna aliyemwambia afunge. Alitoka akaketi juu ya mzigo huo katikati ya uwanja, manyunyu yakimwangukia, ameelekeza uso kwenye mlango uliofungwa, na nyuma ya mlango ule mumewe alikuwa na ulimi mzima kinywani na hakusikika akisema neno.

Amekaa hapo hata sasa. Mlango haujafunguliwa, na mimi nimetumwa kwenu, maana wa ndani wameshindwa. Yupo aliyebonyeza bila kuona. Yupo aliyeamini rangi akamsahau mtu. Yupo aliyekataza kwa ajili ya heshima. Yupo aliyetenda mema yote kwa mkono wake, na ni kwa mkono huo baba alikufa. Haya, semeni, na kila mmoja aseme kwanza kama yeye angethubutu kumwambia mkwewe fungua kinywa.

Je, ni nani aliyestahili kuketi juu ya mzigo ule?